Tukienda Safari Sote, na Watoto Wakubwa Waulizwe



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zangu katika imani. Maneno haya niliyasema mbele ya baadhi yenu usiku mmoja baada ya futari, nami nimeombwa niyaandike ili na wale ambao hawakuwepo wayasome. Niliposema nitazungumzia safari ya familia, wengi walidhani ni Umra. La. Nazungumzia safari ya gari, baba na mama na watoto, kutoka hapa Mombasa kuvuka mpaka, kupanda milima, kuingia mapangoni, kisha kurudi nyumbani salama. Na naizungumzia ndani ya Ramadhan kwa sababu huu ndio mwezi ambao nyumba nyingi watu wote hukaa mkeka mmoja, saa moja. Miezi mingine kila mtu na sahani yake na simu yake. Mkitaka kupanga jambo la nyumba nzima, mtalipanga lini kama si sasa?

Utasema, "Ng'ambo? Sisi nauli ya ng'ambo tutaitoa wapi?" Ndugu msomaji, ng'ambo si Dubai peke yake. Kutoka Mombasa mpaka Lunga Lunga ni kilomita mia na kitu. Ukivuka tu uko Horohoro, Tanzania, na baada ya kilomita 65 hivi za lami uko Tanga mjini. Anayetoka baada ya alfajiri aweza kuswali adhuhuri Tanga. Hiyo nayo ni nchi nyingine, ina pesa zake, sheria zake na Kiswahili chake, na mtoto wa miaka 14 anauona ulimwengu umefunguka bila ya mtu kupanda ndege.

Lakini kabla sijawapeleka Tanga, wacha niwaambie vile sisi tulivyorudishwa.

Ilikuwa Disemba mwaka 2022. Babangu ana duka, na katika maisha yangu yote sijawahi kumuona amelifunga siku mbili mfululizo isipokuwa kwa Idd au kwa maziko. Mwaka ule akaamua, twende Tanga. Alhamdulillahi, tukafurahi. Gari akaazima kwa mjomba, yenye viti saba. Lakini kila kitu alikipanga yeye, kichwani mwake. Siku ya kutoka hatuijui mpaka jana yake. Tunalala wapi, hatujui. Usiku ule mdogo wangu, wakati huo ana miaka 14, alikuwa amesomasoma kwenye simu, akamwendea baba akamwambia, "Baba, gari si yetu, logibuku ina jina la mjomba. Wasema yatakikana barua ya ruhusa." Baba alikuwa anafunga mizigo, amechoka. Akamjibu, "Nyamaza wewe, haya ni mambo ya wakubwa."

Basi kesho yake saa nne asubuhi tuko mpakani, na jambo la kwanza kuulizwa ni barua ya mwenye gari. Mjomba mwenyewe yuko Nairobi na simu haishiki. Maafisa walikuwa na adabu, siwezi kuwalaumu. Sheria ni sheria. Tulingoja mpaka saa nane, tukageuza gari. Njia nzima kutoka Lunga Lunga mpaka Likoni hakuna aliyesema neno. Halafu tuko kwenye foleni ya feri, mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo, "Si nilisema." Baba hakumjibu.

Wazee wangu mnisamehe kwa haya nitakayosema. Mtoto yule hakuzungumza na babake sawasawa kwa zaidi ya mwaka. Salamu alimpa, adabu ilikuweko, akitumwa dukani anakwenda. Lakini yale mazungumzo ya mtoto na babake yalikatika. Na mtoto wa kiume wa miaka 14 au 15 akishakata mazungumzo nyumbani, hunyamazi yeye dunia nzima. Anakwenda kuzungumza kwengine, na sote tunajua mitaani mwetu huko kwengine ni wapi.

Ramadhan ya mwaka 2024, usiku mmoja baada ya tarawehe, baba akatuita sote. Nadhani mama alikuwa amesema naye. Akaweka daftari katikati ya mkeka akasema, "Safari hii Agosti tutakwenda. Nataka mnipangie." Kisha akamtazama mdogo wangu, akasema, "Wewe utashika gari na barabara. Usiponambia neno, mimi sijui."

Hapo ndipo safari ilipoanza. Dini yetu imetufundisha kushauriana, na imetufundisha kwamba watu watatu wakiwa safarini wamchague mmoja wao awe amiri. Amiri alibaki baba, hilo halina mjadala. Lakini amiri anayeshauriana si sawa na amiri anayepiga kelele nyuma ya usukani. Dada'ngu wa miaka 14 alipewa pesa: daftari, kalamu na mkoba. Kitinda mimba wetu wa miaka 12 alipewa maji, dawa na kukumbusha swala. Mimi nikapewa malazi na karatasi za watu. Na mama? Mama tulimpa kazi ya kutofanya kazi, na hiyo ndiyo iliyotushinda kabisa, maana mpaka asubuhi ya safari tulimkuta ametia sufuria mbili na jiko la mafuta nyuma ya gari, amevifunika kwa mswala.

Kanuni yetu ilikuwa hii: kila mmoja anachagua jambo moja litakalofanywa hata kama wengine hawalitaki, na ana ruhusa ya kukataa jambo moja. Mtoto mdogo humpakia garini akalala. Huyu mkubwa ana rai yake, ana marafiki aliowaacha, ana mwili unaotaka kukimbia. Ukimtia kwenye kiti cha nyuma siku nane bila ya shauri umebeba mzigo, tena mzigo uliokasirika.

Sasa karatasi, kwa sababu ndizo zilizotuumiza. Kwenda Uganda na Rwanda, Mkenya anaweza kutumia kipande. Tanzania haimo katika makubaliano yale, kwa hiyo kila mtu, hata mtoto, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki. Viza hatuhitaji. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi yake, chukueni cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi aliyebaki. Pasipoti ya mtoto huchukua muda, musingoje wiki ya mwisho. Halafu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano hii huchomwa si chini ya siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kuwa moja yatosha maisha. Wengine husema "mpakani hawaulizi." Wakiuliza je?

Gari nayo ina karatasi zake. Logibuku, na kama jina si lako, barua ya mwenyewe yenye muhuri wa wakili. Bima ya kuvukia mpaka, inayoitwa Kadi ya Njano ya COMESA, waombe watu wako wa bima. Pale mpakani watu wa forodha wanakupa kibali cha muda cha gari. Tazama tarehe yake ya mwisho kabla ya kuondoka dirishani. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, spea yenye upepo, jeki na spana. Mdogo wangu alimfanya kila mmoja wetu, pamoja na mimi na dada'ngu, abadilishe gurudumu uani kwetu kabla ya safari. Majirani walitucheka. Hatukupata pancha hata moja, lakini mimi leo najua kubadilisha gurudumu, na si wasichana wengi wa chuo chetu wanaolijua hilo.

Na mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Wao waliiita rambo. Ukiambiwa "usiingie na rambo" usidhani ni sinema.

Sasa lini? Hapa nina ugomvi kidogo na wale wanaotaka kwenda likizo ya Aprili kwa haraka ya Idd. Machi mpaka Mei ni masika. Milima ya Usambara ikinyeshewa, njia zinateleza na mwamba waweza kuporomoka barabarani. Agosti ni kavu, ingawa Lushoto kuna baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui: sweta kila mtu, na jaketi. Panga Ramadhan, weka akiba, safiri Agosti. Sisi tulikubaliana nguo ya Idd iwe moja badala ya mbili, na kila wiki kitu kidogo kikaingia kwenye mkoba wa dada'ngu. Mzunguko wote niliowatajia hapa ni kama kilomita 900, na ukitia na mizunguko ya mjini weka 1,000. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakula lita 100. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, utajua umesimama wapi. Malazi, gesti za kawaida zipo kila mji. Tuliulizia kwa simu kwanza, vyumba viwili, wanawake mbali na wanaume mbali. Na wasichana wana dharura zao njiani. Mwachieni mama nafasi ya kusema "tusimame" bila ya kuulizwa kwa nini.

Tulitoka Jumamosi. Safari hii mpakani ilituchukua muda mfupi tu, kwa kuwa Kenya na Tanzania siku hizi wako kituo kimoja. Mdogo wangu aliteremka na faili lake kama wakili. Karatasi ikitajwa anaitoa, karatasi ikitajwa anaitoa. Baba alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Nilimtazama uso, lakini babangu si mtu wa kusomeka.

Kabla ya kufika Tanga mjini, kama kilomita 8 kaskazini yake, kuna mapango ya Amboni. Ni mapango ya mawe ya chokaa, giza totoro, popo tele. Mnaingia na mwongozaji na tochi, kuna mahali mnapita kwa kuinama na mahali mnapita kwa kutambaa, kwa hiyo vaeni raba, si ndara. Waongozaji wana hadithi zao. Wanamtaja Osale Otango, mtoro aliyejificha humo miaka ya 1950, na wanakwambia pango linaendelea mpaka Mombasa. Kitinda mimba akauliza, "Sasa mbona tulipita mpakani?" Mpaka leo neno hilo linatuchekesha nyumbani.

Tanga tulilala siku mbili. Chini ya kilomita 20 kusini, njia ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi mengi, mengine ya nguzo, kama yale tunayoyajua huku kwetu Gede na Mnarani. Dada'ngu alilichagua hilo. Wengine tulikwenda kwa kulazimishwa na kanuni. Lakini tulipouona mihrabu ule, baba ndiye aliyekaa sana. Akasema watu hawa walikuwa wakielekea kibla kile kile tunachoelekea sisi, na bahari ile ile mgongoni.

Kutoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe mpaka Mombo, halafu unapinda kulia kuanza kupanda. Ni kilomita 33 za kona juu ya kona mpaka Lushoto, kama mita 1,400 juu ya bahari. Aliye na tumbo jepesi akae mbele. Na katika barabara kuu, tahadhari na mwendo: penye kijiji ni kilomita 50 kwa saa, na askari wana kile chombo cha kupimia mwendo wanachokiita tochi. Mdogo wangu alikuwa akisoma vibao kwa sauti, "Hamsini, baba. Hamsini." Siku ya kwanza baba alikasirika. Siku ya tatu, mbele yetu gari mbili zimesimamishwa na sisi tukapita, ndipo akasema, "Endelea kusoma."

Lushoto tulikaa siku tatu, na kama nyinyi mna siku tatu tu kwa safari nzima, basi zipelekeni huko. Wenyeji ni Washambaa, Waislamu ni wengi, adhana unaisikia bondeni asubuhi na ukungu umetanda. Kutoka mjini mpaka mwamba wa Irente ni mwendo wa miguu wa kilomita 5 na kitu, unapita mashamba na nyumba za watu, na ukifika ukingoni unaona Mazinde kule chini kabisa, na tambarare isiyo mwisho. Musiwaachie watoto wakimbie pale, hata wakubwa, hakuna ukuta. Siku ya pili tulitembea msitu wa Magamba na mwongozaji. Dada'ngu na mimi tulivaa suruali pana chini ya madira yetu na viatu vya kufunga, hijabu zetu vichwani, na hakuna kilichotushinda. Nasema hili kwa sababu niliulizwa na mama mmoja kama inafaa binti kupanda mlima. Stara na mlima havigombani.

Na adabu ya wenzetu tuichukue. Kule mtoto hampiti mzee bila ya "shikamoo." Wadogo zangu walianza kwa kuona haya, wakamaliza wameizoea. Tulirudi Mombasa, kitinda mimba akamwamkia shikamoo kondakta wa matatu, kondakta akababaika.

Kuhusu swala, watu wengi huiogopa safari kwa sababu hiyo na hali ndiyo nyepesi zaidi. Safari iliyofika masafa, ambayo wanavyuoni wengi wanayakadiria kuwa kilomita 80 na kitu, unakasiri: adhuhuri, alasiri na isha rakaa mbili mbili, na unaweza kuikusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa inakatika. Ndiyo maana hatukupanga siku nne mahali pamoja. Chupa tano za maji ya udhu nyuma ya gari, mswala mrefu mmoja. Mwenye mas'ala zaidi amuulize ustadh wake, mimi ni mwanafunzi tu.

Sasa nifike Marangu, kituo cha mwisho. Kutoka Mombo unapita Same na Mwanga mpaka Himo, kisha unapanda. Huko ndiko lilipo lango la Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895. Sisi hatukwenda kileleni. Hiyo ni safari ya siku kadhaa na pesa nyingi. Lakini unaweza kupanda kwa siku moja mpaka kibanda cha Mandara, kama mita 2,700, na kurudi. Lazima mwongozaji, na kuna ada ya hifadhi. Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, cha chini kuliko cha wageni wengine, kwa hiyo mfike na vitambulisho. Hili ndilo alilolichagua mdogo wangu. Lilikula pesa kuliko kitu kingine chochote, na dada'ngu wa hazina alikaribia kutumia ruhusa yake ya kukataa.

Njia inapanda ndani ya msitu, mbega wanaruka juu, mizizi imejaa maji. Kiasi cha saa mbili hivi, baba akaanza kubaki nyuma. Ni mtu wa kukaa dukani, magoti yana umri. Akasimama, akashika mti, akasema, "Nendeni nyinyi. Mimi nitawangoja hapa." Mama alitaka kurudi. Mwongozaji akawa anatazama saa. Mdogo wangu, ambaye siku hii aliipigania tangu Ramadhan, akavua mkoba wake akauweka chini. Akamwambia mwongozaji msaidizi abaki nao, na akatuambia sisi, "Endeleeni. Mimi nitakaa na baba."

Tulipanda, tukafika Mandara, tukala mkate na mayai, tukapiga picha. Tukarudi baada ya zaidi ya saa tatu. Tuliwakuta wamekaa juu ya gogo moja, thamosi ya chai katikati, wanazungumza. Msaidizi wa mwongozaji amelala. Tulipokaribia wakanyamaza, wote wawili, kama watoto waliokamatwa. Sikuuliza walizungumza nini, na mpaka leo siulizi.

Kesho yake tulivuka Holili kuingia Taveta na kushika njia ya Voi, lami tupu, inayokata ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Piteni mchana, kwa ajili ya ndovu. Tulipofika Voi, penye njia panda, kulia ni Mombasa na kushoto ni Nairobi. Baba ameipita njia ile labda mara mia katika maisha yake, akienda kuchukua mali ya duka. Akapunguza mwendo, akamgeukia mdogo wangu.

"Sasa," akasema, "tushike wapi?"

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.